Vifaa na Msaada wa Nyumbani kwa Mwenye Yabisi ya Viungo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Jikoni kwetu kuna droo moja tunayoiita kaburi la vifaa. Ndani yake mna kifungulia mifuniko cha plastiki ngumu, kibanio kirefu cha kuokotea vitu, glavu mbili za kubana vidole, na ndoano ya kuvutia vifungo ambayo bado imo kwenye karatasi yake. Vyote vilinunuliwa kwa ajili ya mama, vingi nilivinunua mimi, na hakuna hata kimoja kilichotumika zaidi ya wiki. Havikuwa vibovu. Tulikimbilia kununua kabla ya kujua ni kazi ipi hasa inayomshinda, na inamshinda kwa sababu gani.

Mwongozo huu umepangwa kinyume cha tulivyoanza sisi: kazi kwanza, vipimo pili, kifaa mwisho. Nimeuandika nikimlenga mwenye yabisi mwenyewe, lakini anayemtunza mzazi au mwenzake anaweza kuufuata vilevile.

Kwanza, ijue yabisi yako

Yabisi ni jina la jumla la magonjwa mengi ya viungo. Inayowapata watu wengi zaidi ni ile ya kuchakaa kwa gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, hasa magotini, nyongani na kwenye vidole vya mikono. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nayo. Baridi yabisi ni kitu kingine: kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa viungo vyake yenyewe, na mwaka huohuo waliokuwa nayo walikadiriwa kuwa milioni 18. Kuna pia jongo, ambayo huja ghafla, mara nyingi ikianzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Tofauti hii ina uzito unapochagua vifaa. Kiungo kilichochakaa huuma kikitumika na hutulia kikipumzishwa, na ukakamavu wake wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Mwenye baridi yabisi anaweza kumaliza saa nzima au zaidi tangu kuamka vidole vikiwa bado havikunjiki, amechoka kama aliyefanya kazi usiku kucha, halafu jioni akaonekana hana neno. Huyu wa pili usimpime jioni. Nyumba yake ipangwe kwa kufuata ile saa mbaya ya siku mbaya.

Hatua ya 1: Andika siku moja nzima

Chukua daftari na kalamu nene. Tangu unapotoa mguu kitandani mpaka unaporudi kulala, kila kazi iliyokuuma, iliyokuchelewesha au uliyomwachia mtu mwingine, iandike. Mstari mmoja kwa kazi moja, wenye mambo matatu: nilikuwa nafanya nini, nini kiliuma, na niliimalizaje. Mstari mmoja wa mama ulisomeka hivi: "Kufungua koki ya jikoni. Chini ya dole gumba la kulia. Nimeizungusha kwa kitambaa, mikono miwili."

Mstari huo mmoja ulitufundisha mengi kuliko droo nzima. Nilikuwa nimemnunulia cha kufungulia chupa ambazo anazifungua mara moja kwa wiki, huku koki inayomtesa mara ishirini kwa siku nikiipita bila kuiona.

Daftari peke yake halitoshi, maana mtu aliyezoea maumivu haandiki yale aliyokwisha kuyaacha. Jiulize au muulize: ni kitu gani ulikuwa unakifanya mwaka jana na sasa hukifanyi? Majibu huja yamejificha. "Siku hizi sipendi kukaa sebuleni" inaweza kuwa na maana kwamba kochi limekuwa chini mno na kuinuka kunamwaibisha mbele ya wageni. "Sina kiu" inaweza kuwa hofu ya safari za chooni. Mama aliacha kuvaa magauni yake ya vifungo, na sote tukadhani ni mtindo.

Ongeza alama moja kwenye daftari lako: kazi ambayo maumivu yake yanaendelea saa 2 baada ya kuimaliza. Hicho ni kipimo kinachotumiwa sana na wanaofundisha wenye yabisi. Maumivu yakipita muda huo, kazi ilikuwa nzito au ndefu mno. Kazi yenye alama hiyo ndiyo ya kushughulikiwa mwanzo.

Hatua ya 2: Shika futi, pima

Kama tatizo liko magotini, nyongani au mgongoni, basi sehemu kubwa ya dawa yake nyumbani ni urefu wa vitu. Kadiri kiti kinavyokuwa chini ndivyo goti linavyokunjika zaidi, na ndivyo misuli ya paja inavyolazimika kusukuma kwa nguvu ili ikuinue. Kiti kikipanda sentimita chache tu, kuinuka kunabadilika kabisa.

Simama umevaa viatu unavyovaa ndani. Mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo nyuma ya goti. Tuseme ni sentimita 45. Kiti kinachokufaa kina urefu huo au zaidi kidogo, mpaka kama sentimita 50, kikipimwa ukiwa umekikalia, kwa sababu sponji hubonyea. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Kisha pima kila mahali unapokaa: kiti cha chakula, kochi, kitanda, choo. Ziandike namba hizo kwenye ukurasa mmoja, maana ndizo utakazokwenda nazo kwa fundi, kwa mtaalamu au dukani.

Kiti kilicho chini kinainuliwa kwa kuwekewa vitalu chini ya miguu yake, vyenye shimo ambamo mguu wa kiti unazama ili usiteleze. Fundi seremala anavichonga kwa saa moja. Viwe vinne vya kimo kimoja. Matofali yaliyopangwa hivihivi ni hatari, na kurundika mito nayo si suluhisho: mto unabonyea, unateleza, na unakufanya mikono ya kiti iwe chini usiweze kuisukumia. Mikono ya kiti ni muhimu kuliko ulaini wake. Ningeambiwa nichague kimoja tu, kiti kigumu chenye mikono au kochi zuri lisilo na pa kushikia, nisingesita.

Choo cha kukaa huongezewa kiti cha juu kinachokiinua kwa sentimita 5 hadi 15. Chagua kinachofungwa kwa skrubu au vibanio, na kama una shida ya kuinuka, chenye mikono. Kama choo ni cha kuchuchumaa, usijilazimishe. Kuna viti imara vyenye tundu katikati vinavyosimamishwa juu ya shimo, na fundi wa vyuma au wa mbao anaweza kukutengenezea kwa vipimo vyako. Hakikisha miguu yake ina mpira chini na imepanuka kidogo kuelekea nje, kisichezecheze ukiegemea upande mmoja.

Vitu unavyovigusa kila siku vihamie kati ya kiuno na bega. Kazi hii haigharimu chochote, inamalizika mchana mmoja, na huwa nashangaa watu wanavyoiahirisha.

Hatua ya 3: Nenepesha mishiko

Mikononi shida ni nyingine. Kitu chembamba kinadai vidole vikunjwe sana na vibane kwa nguvu, na nguvu hiyo inaangukia viungo vidogo, hasa kile kilicho kwenye shina la kidole gumba. Mpini mnene unapunguza mbano. Kijiko, kalamu, mswaki, kisu, kitana na bisibisi vyote vinaweza kunenepeshwa kwa sponji ya bomba, ile inayovikwa mabomba ya maji ya moto. Kata kipande, kitoboe katikati kama hakina tundu, kivike. Ukiikosa, funga kitambaa na ukizungushie utepe wa gundi. Unene mzuri ni ule ambao ukishika, ncha za vidole zinakaribia kiganja lakini hazikigusi. Ukizidi hapo unarudi kulekule: mkono unatanuka mno na kuchoka. Uzito nao uangalie, kwani mpini mnene wa chuma ni mateso mapya.

Halafu kuna kanuni moja inayostahili kukaririwa: kazi apewe mkubwa. Kiganja kifanye kinachofanywa na vidole, mkono wa mbele ufanye cha kifundo, bega lifanye cha kiwiko. Mfuko wenye kishikio cha kamba kinachokata vidole uning'inizwe kwenye mkono wa mbele, au ubebwe begani, au mzigo ugawanywe mara mbili. Mlango sukuma kwa ubavu. Kikombe kishikwe kwa viganja viwili badala ya kidole kimoja kwenye sikio lake. Sufuria nzito isinyanyuliwe, ivutwe juu ya meza, na chakula kitolewe kwa upawa badala ya kuiinamisha sufuria yote. Birika lijazwe kwa kikombe likiwa limekaa, na lisijazwe zaidi ya nusu.

Chupa ya mdomo mpana ambayo haijawahi kufunguliwa inashikiliwa na ombwe lililo ndani yake kuliko ule mzunguko wa mfuniko. Ingiza ncha ya mpini wa kijiko chini ya ukingo wa mfuniko, ukandamize kidogo mpaka usikie "pah!" Hewa ikishaingia, kipande cha mpira na kiganja kilichokunjuliwa vinamaliza kazi. Weka chupa juu ya kitambaa kibichi ili isizunguke pamoja na mfuniko.

Koki za mviringo zibadilishwe ziwe za mkono mrefu, zinazosukumwa hata kwa kiwiko. Vitasa vya mviringo vilevile. Ufunguo ufungie kwenye kipande cha ubao chenye upana wa vidole vitatu, ule ubao ukupe nguvu ya kuzungushia. Koki ya jikoni kwetu ilibadilishwa asubuhi moja. Mchana mama alikwenda kunawa mikono mara tatu bila sababu.

Hatua ya 4: Bafu, usilifanyie mzaha

Hapa ndipo watu huanguka, kwa hiyo hapa ndipo pesa za kwanza ziende kama pesa ni chache.

Chuma cha kushikia lazima kifungwe ukutani kwa skrubu ndefu zinazoshika kwenye tofali, zege au nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Chuma cha kutundikia taulo si cha kushikia. Hakikutengenezwa kubeba mtu, na siku utakapoteleza ndiyo siku kitakapong'oka. Vile vya kunata kwa mpira wa kunyonya navyo usivikabidhi uzito wako wote, kwa sababu hulegea taratibu bila kutoa dalili. Unene wa chuma uwe kama sentimita 3 hadi 4. Urefu kutoka sakafuni, vipimo vinavyotumiwa na mafundi wengi ni kati ya sentimita 84 na 91, lakini mimi ningekwambia hivi: kabla fundi hajatoboa, mwenye kukitumia aingie bafuni akiwa amevaa nguo, akae, ainuke, ageuke, na kila mkono wake unapotafuta pa kushika, pawekwe alama ya chaki. Alama zikikusanyika mahali pamoja, chuma kikae hapo.

Oga umekaa. Kigoda cha kuogea kiwe na mpira kwenye miguu na matundu ya kupitishia maji. Anayeoga kwa ndoo aiweke ndoo juu ya kigoda kingine cha kimo cha magoti, asilazimike kuinama kuchota, na kopo liwe dogo lenye mpini mnene. Anayetumia bomba la mvua afungiwe lile lenye mpira wa kushika mkononi. Sabuni ya kipande ikimponyoka mkononi, itie ndani ya soksi nyembamba na uifunge kwenye chuma. Sponji yenye mpini mrefu inafika mgongoni na miguuni. Chini pawe na mkeka wa mpira unaonata, si taulo iliyotandazwa.

Mlango wa bafu ufungukie nje, au angalau kitasa kiweze kufunguliwa kutoka nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake mwenyewe unaufunga.

Usiku, njia ya kutoka kitandani hadi chooni iwe na taa, na isiwe na zulia dogo, waya wala viatu.

Hatua ya 5: Fimbo, na mkono wa kuishikia

Mama alitembea na fimbo miaka miwili kabla hajaonwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Goti linalomuuma ni la kulia. Yule dada alimtazama akiingia, akamwachia akae, kisha akamuuliza kwa upole:

"Mama, shikamoo. Fimbo hiyo, ni nani aliyekwambia uishike kulia?"

"Marahaba, mwanangu. Si ndiko kunakouma?"

Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima. Mguu unaouma unapokwenda mbele, fimbo inakwenda nao kutoka upande wa pili, na mwili unaegemea fimbo badala ya kuangukia ule mguu mbovu. Ukiishika upande uleule unaouma, unajipinda na uzito wote unarudi palepale. Miaka miwili mama alikuwa amebeba fimbo, fimbo haikuwa imembeba.

Urefu wake: simama wima umevaa viatu, mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Fimbo nyingi za kurithi ni ndefu mno na zinapandisha bega. Fimbo ya mbao unaweza kuikata, lakini pima mara mbili, maana ikishafupishwa hairefuki. Kama vidole vinauma pia, tafuta yenye kichwa kipana kinachotuliza kiganja chote badala ya kile cha mviringo.

Ngazi zina kanuni yake: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu pamoja na fimbo hutangulia kushuka. Fundisha mwili wako hivyo mpaka usifikirie.

Anayehitaji kushikilia samani ili avuke chumba ameshavuka kiwango cha fimbo moja. Huyo apimiwe fremu ya kutembelea, na uamuzi wa iwe na magurudumu au isiwe nayo asiufanye peke yake. Fremu isiyo na magurudumu hunyanyuliwa kila hatua, na kwa mwenye baridi yabisi ya mikono hilo ni tatizo juu ya tatizo.

Kuvaa, kwa kifupi

Mkono au mguu unaouma uingie kwenye nguo kwanza na utoke mwisho. Vaa umekaa. Zipu itiwe kipete cha kuingiza kidole. Kamba za viatu zibadilishwe na za mpira zinazonyumbuka, kiatu kivaliwe kwa kijiko kirefu. Vifungo vya gauni la mama tulivishonea kwa mbele kabisa vikabaki mapambo, nyuma yake tukaweka utepe wa kunata. Ndoano ya vifungo ikaenda kaburini.

Hatua ya 6: Mwone mtaalamu, na uende na daftari

Wapo wawili wa kuwatafuta kupitia daktari au kituo chako cha afya. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia mwendo, misuli na mazoezi. Mtaalamu wa tiba ya kazi hutazama jinsi unavyofanya shughuli zako, akabadilisha namna ya kuzifanya, mahali au kifaa. Huyu wa pili hajulikani sana, na ndiye hasa unayemhitaji kwa mambo ya mwongozo huu. Ndiye pia anayeweza kukupimia banzi laini la kukishikilia kidole gumba au kifundo wakati wa kazi. Banzi lisilopimwa huumiza, na likivaliwa mchana kutwa kila siku huifanya misuli ilegee.

Akiweza kufika nyumbani, ndiyo bora. Asipoweza, mpelekee nyumba: piga video fupi kwa simu ukiinuka kitini, ukiingia bafuni, ukifungua mlango, ukimimina maji. Usijikaze mbele ya kamera. Mtaalamu anataka kuona jinsi unavyoteseka, si jinsi unavyojitahidi. Chukua daftari na ule ukurasa wa vipimo. Kisha uliza: ipi kati ya kazi hizi naweza kuifanya kwa namna nyingine bila kifaa? Kifaa gani naweza kukijaribu kabla ya kukinunua? Kipi lazima kipimwe kwa mwili wangu? Na nirudi lini?

Hatua ya 7: Kukipata kifaa

Utaratibu wangu wa sasa ni huu: azima, jaribu, tengeneza, na mwisho kabisa nunua.

Hospitali nyingine, vyama vya wagonjwa na vya watu wenye ulemavu, na taasisi za dini huwa na fremu, viti vya kuogea na vya choo vya kuazima. Ukiazima, kagua: mpira wa chini haujalika, skrubu hazijalegea, chuma hakijaliwa na kutu kwenye viungo, na uzito wako hauzidi ule ulioandikwa kwenye kifaa. Kijaribu kwa wiki mbili, kwenye siku nzuri na siku mbaya. Kisipotumika, kirudishe bila haya.

Vya kutengeneza nimeshavitaja: vitalu, mishiko, ubao wa ufunguo, kiti cha choo. Ambavyo sivikabidhi kwa fundi wa kubahatisha ni fremu, magongo na mabanzi.

Vya kununua, uliza kwanza nani mwingine anaweza kulipa. Bima ya afya, ofisi ya ustawi wa jamii, mwajiri na mifuko ya watu wenye ulemavu zina masharti tofauti kila mahali, ila karibu zote zinadai kitu kimoja: barua ya mtaalamu. Hakikisha barua imeandika kazi, isiishie kwenye jina la ugonjwa. "Mgonjwa ana yabisi ya magoti, anahitaji msaada" ni barua ya kukataliwa. Iliyo nzuri inasomeka hivi: "Hawezi kuinuka kutoka kwenye choo chenye kimo cha sentimita 38 bila kuvutwa na mtu. Ameanguka mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kwa kiti cha kuinulia cha sentimita 10 chenye mikono, aliinuka peke yake mara zote tulipomjaribu." Anayesoma hana la kuuliza.

Ukiambiwa kwamba hivi ni vitu vya starehe, una la kujibu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vinavyopaswa kupewa kipaumbele, na humo zimo fimbo, fremu za kutembelea, vyuma vya kushikia na viti vya bafuni na chooni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazungumzia kuishi kwa kujitegemea katika kifungu cha 19 na uwezo wa mtu kujongea katika kifungu cha 20, na kifungu cha 27 kinahusu kazi, pamoja na marekebisho ya kuridhisha mahali pa kazi. Kama nchi yako imeuridhia, vitaje vifungu hivyo kwenye ombi lako. Kwa kazini, omba vitu vidogo vinavyoeleweka: kiti cha kimo chako, kuanza kazi saa moja baadaye kwa sababu ya ukakamavu wa asubuhi, ruhusa ya kusimama na kujinyoosha kila nusu saa.

Ombi likikataliwa, taka sababu kwa maandishi. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja.

Hatua ya 8: Msaada wa watu

Hili ni gumu kuliko vifaa. Mwenye yabisi anachoka kuomba, na wanaomzunguka wanachoka kubahatisha. Kilichotusaidia ni kuomba kazi yenye jina na muda. "Nisaidieni" haina mlango wa kuingilia. "Jumapili mtu anifungulie mifuniko yote ya wiki kisha airudishie bila kuikaza" ina mlango. Rudi kwenye daftari, chagua mistari mitatu ambayo hakuna kifaa kilichoiweza, na kila mstari upewe mtu wake.

Na sisi tunaotunza tujizuie. Nilikuwa nampokonya mama kila kitu mkononi nikidhani ndiyo heshima, hadi aliponiambia, "Mwanangu, ukinifanyia yote nitabaki kiti." Kiungo kisichotumika hukakamaa na misuli inayokizunguka hupungua. Muulize kwanza: nikusaidie, au nisubiri? Kusubiri dakika nne mtu afunge zipu yake ni msaada.

Mazoezi aliyopewa na mtaalamu nayo yahesabiwe kama kifaa, na uzito pia: kwa wenye yabisi ya magoti waliokuwa wanene, utafiti umeonyesha kuwa kila kilo 1 iliyopungua iliondoa mzigo wa kama kilo 4 kwenye goti katika kila hatua.

Hatua ya 9: Siku za kuchachamaa, na ukaguzi

Ugonjwa ukichachamaa hutakuwa na nguvu ya kutafuta vitu. Andaa kapu moja na liweke kando ya kitanda: dawa ulizoandikiwa zikiwa kwenye kichupa chenye mfuniko mwepesi (mbali na watoto), maji yenye mrija, simu na chaja yake, nguo isiyo na vifungo, banzi, na fimbo hata kama kwa kawaida huitumii. Siku hizo ondoa kazi nzito zote, ila viungo vikunjwe na kukunjuliwa taratibu kila baada ya muda, visikakamae zaidi.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na chekundu, hasa ukiwa na homa, usingoje kapu wala kesho. Inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kila baada ya miezi mitatu, au baada ya kuanguka hata mara moja, fungua upya daftari na uandike siku nyingine nzima. Siku hiyohiyo geuza fimbo juu chini utazame mpira wake: mistari yake ikifutika au ukilika upande mmoja, ubadilishe. Tikisa vyuma vya bafuni kwa nguvu zako zote, kaza skrubu za kiti cha choo, na fungua droo ya vifaa visivyotumika. Kibanio chetu kirefu kimeshapata mtu: jirani aliyepasuliwa nyonga na kukatazwa kuinama. Anakitumia kuokotea kila kitu, hadi rimoti.